Majani makavu kwenye mizani ya Mama

Uani kwa Mama, hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kuna mstari wa maua unaoanzia mlango wa jikoni mpaka lango la mabati. Ni maua madogo ya petali tano, mengine ya rangi ya waridi, mengine meupe yenye jicho jekundu katikati. Hayadai maji, mbuzi hawayali kwa uchungu wake, na ukiyakata leo wiki ijayo yamechipua. Wauza miche wanayaita vinka. Kwa wataalamu wa mimea ni Catharanthus roseus. Kwetu ni maua ya Mama, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyapanda mwaka aliofariki Baba, akisema nyumba ya mjane isionekane imelala.

Naandika kwa sababu ya maua hayo na kwa sababu ya mtoto wa kaka yangu. Tangu turudi kutoka Kampala, alikotibiwa saratani, nimeulizwa mambo yale yale msikitini, sokoni, hata kwenye chumba cha walimu: je, mitishamba inatibu saratani? Nimeona heri niyaandike mara moja kwa Kiswahili, lugha ninayoifundisha, na ambayo hapa kwetu Mlugbara, Mnubi, Mkakwa na mgeni kutoka Kongo wote wanakutana ndani yake.

Mtoto ana miaka 6. Jina lake naliacha. Nyumbani tunamwita Bwana Mdogo kwa jinsi anavyopenda kukaa na wazee. Mwezi wa tano mwaka jana alianza kutafuna upande mmoja. Mama yake akadhani ni jino, nami nikadhani ni jino, na kliniki tuliyompeleka nayo ikadhani ni jino: gego likang'olewa. Baada ya siku chache la jirani yake likalegea, kisha la tatu, na shavu likajaa kama la mtu aliyeficha embe mdomoni. Hakuwa na homa wala hakulia sana. Hilo ndilo lililotupumbaza, uvimbe mkubwa na maumivu madogo.

Tukaenda kwa mzee wa mitishamba. Sitaki mtu amlaumu mzee huyo. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu, akatupa dawa ya kubandika shavuni na nyingine ya kunywa kikombe kimoja kila asubuhi, akasema tujaribu siku 7, tusipoona nafuu tumpeleke hospitali kubwa. Sisi wenyewe tukakaa siku 14.

Ugonjwa ule unaitwa limfoma ya Burkitt, saratani ya aina moja ya chembe nyeupe za kinga. Hakuna saratani ya binadamu inayojulikana kukua haraka kuliko hiyo. Seli zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya saa 24 mpaka 48. Mimi si mwalimu wa hesabu, lakini maradufu ya siku 14 nimeyapiga kichwani usiku mwingi nikiwa kitandani, na jibu lake sitaliandika hapa.

Jicho la kushoto lilipoanza kusukumwa nje, kaka yangu aliuza mbuzi wawili tukapanda basi la usiku. Daraja la Pakwach tulilivuka gizani, mtoto amelala mapajani kwangu, shavu lake limelalia mkono wangu. Lilikuwa la moto. Kulipopambazuka tulikuwa Kampala, na kabla ya saa nne asubuhi tulikuwa juu ya kilima cha Mulago, kwenye ile hospitali kubwa ya taifa, na faili jipya mkononi.

Sista aliyetuandikisha alianza kwa Kiganda, akaona tunatazamana, akahamia Kiswahili. Aliuliza umri, chanjo, malaria mara ngapi. Kisha akauliza, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi, "Mmempa dawa gani za kienyeji?"

Kaka yangu akajibu, "Hakuna, musawo," kama wahudumu wa afya wanavyoitwa kwa Kiganda.

Mimi nilinyamaza. Jioni ile mtoto alikatwa kipande kidogo cha nyama kwenye uvimbe, akachukuliwa maji ya uti wa mgongo na damu chupa kadhaa, na mimi bado nimenyamaza. Asubuhi ya pili sikuweza tena. Nilimfuata sista mezani kwake nikamwambia yote: siku ngapi, kikombe cha ukubwa gani, majani ya rangi gani. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Akaniambia, "Asante, shangazi. Sitaki kuwagombeza. Nataka kujua ini lake na figo zake zimeshabeba mzigo gani kabla mimi sijaongeza wangu." Akaandika. Alipomaliza kuandika akaniuliza kama mtoto amekula.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu wengi wenu mnaoniuliza habari za mitishamba mna chupa nyumbani ambayo daktari wenu haijui. Mwambieni. Moja ya dawa alizopewa mtoto wetu hutoka mwilini kupitia figo, na figo zikichoka dawa hiyo hubaki mwilini ikawa sumu. Kikombe cha asubuhi ambacho hakikuandikwa popote kingeweza kuharibu hesabu yote.

Siku za kungoja majibu nilisoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha, nikaazima chaja, nikasoma tena. Nikagundua kwamba ugonjwa huu una historia yake papo hapo kwenye kile kilima. Mwaka 1957 daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji pale Mulago, Denis Burkitt kutoka Ireland, amtazame mtoto wa kiume wa miaka 5 aliyevimba taya pande zote. Burkitt hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho. Wiki chache baadaye, akiwa hospitalini Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Hapo akaanza kuhesabu. Mwaka 1958 alichapisha makala yake ya kwanza, na mwaka 1961 akafunga safari kwa gari kuukuu, maili 10,000 kupita Afrika ya Mashariki na ya Kati, akiuliza hospitali moja baada ya nyingine: je, uvimbe huu mnao? Ramani aliyoichora ilifuata joto na mvua, mahali palepale malaria inapokaa mwaka mzima. Mmoja wa madaktari waliosafiri naye alikuwa Ted Williams wa hospitali ya Kuluva.

Jina hilo lilinishtua. Kuluva ni hapa kwetu, kwenye barabara ya Nebbi, ninaipita kila ninapoenda kwa shemeji yangu. Rekodi za watoto wa West Nile, eneo hili letu, waliovimba taya ziliandikwa hapo kwa miaka mingi kabla mimi sijazaliwa, na mimi nilikuwa nimeng'oa jino.

Majibu yakatoka. Daktari alisema ni Burkitt, akasema inatibika, akaandika dawa tatu: saiklofosfamidi, methotreksati, vinkristini.

Siku ya dozi ya kwanza masista wawili walisimama kando ya kitanda. Mmoja alishika bomba la sindano lenye maji kidogo sana, meupe kama maji ya kunywa, akasoma lebo kwa sauti: jina la mtoto, namba ya faili, jina la dawa, kiasi, njia. Wa pili akarudia yote kwa sauti. "Vinkristini. Ya mshipa tu." Nikauliza kwa nini wanasoma mara mbili. Nikaambiwa kwamba mtoto huyu atachomwa pia dawa ya uti wa mgongo siku nyingine, na vinkristini ikiingia kwenye uti wa mgongo kwa makosa, huua. Ndiyo maana hawaziweki dawa hizo mbili kwenye sinia moja. Hata kwenye mkono, sindano ikiponyoka nje ya mshipa, nyama huungua. Nilitazama yale maji kidogo kwenye bomba, na nakumbuka nilirudi nyuma hatua moja.

Usiku ule nikatafuta jina hilo kwenye simu, nikaona picha ya maua ya Mama.

Habari yenyewe ni hii. Mmea huu asili yake ni Madagaska, na watu wameuhamisha mpaka umezoea karibu kila nchi ya joto. Kwingi, majani yake yalichemshwa kwa ajili ya ugonjwa wa sukari. Mwaka 1952 daktari mmoja mstaafu wa Kanada, Clark Noble, alipokea bahasha yenye majani 25 kutoka kwa mgonjwa wake aliyekuwa Jamaika, ambako chai hiyo ilikuwa ikinywewa. Akampelekea ndugu yake, Robert Noble, aliyekuwa mtafiti wa chuo kikuu huko Ontario. Robert akawanywesha panya, sukari haikushuka. Akaamua kuwachoma sindano ya dawa iliyokamuliwa kwenye majani. Panya wakafa, na kilichowaua kilikuwa maambukizi, kwa sababu chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeanguka.

Mtu mwingine angetupa majani yale. Noble alijiuliza: ikiwa kitu hiki kinaangusha chembe nyeupe, kitafanya nini kwa mgonjwa ambaye chembe zake nyeupe zimezidi kwa saratani? Yeye na mkemia Charles Beer wakaitenga vinblastini. Nchini Marekani kampuni ya Eli Lilly ilikuwa ikichunguza mmea huo huo, na huko ikapatikana ndugu yake, vinkristini, iliyoidhinishwa mwaka 1963. Kufikia mwaka 1966 Burkitt alikuwa tayari amechapisha alichokiona alipowapa watoto wa Afrika vinkristini, na mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa, ikaanza na hiyo hiyo limfoma.

Nikampigia Mama kabla ya alfajiri, saa anayoamka kuswali.

"Mama, yale maua yako ya uani."

"Yamefanya nini?"

"Dawa anayochomwa mjukuu wako imetoka kwenye maua hayo."

Alinyamaza mpaka nikasikia jogoo wake. Kisha akasema, "Basi rudini. Nauli ya nini? Nitachemsha mwenyewe."

Nilicheka kwa uchovu na kwa furaha, nikamwambia tutaongea. Hatukuongea. Shule zilifunguliwa, nikamwacha kaka yangu na mtoto Kampala, nikarudi Arua kufundisha. Nilipofungua lango la mabati nilikuta mstari wote wa maua umekatwa mpaka chini, na uani kuna mkeka umejaa majani yakikauka kivulini. Mama alikuwa ameyageuza mara tatu kwa siku kama ufuta. Na jirani yetu, nitamwita Hajati, alikuwa ameshapewa konzi mbili za kuchemsha, kwa sababu alikuwa na uvimbe kwenye titi na hakuwa amemwambia mtu ila Mama.

Mama yangu si mtu wa kuambiwa "hapana" akakubali. Ameuza ufuta na karanga sokoni kwa zaidi ya miaka 30. Mizani yake ni ile ya zamani yenye masahani mawili na mawe, na mawe yake huyafuta kwa kitambaa kila jioni kwa sababu aliwahi kutapeliwa na mtu aliyeyachonga chini. Basi nikachukua majani yote makavu, beseni zima, nikayaweka kwenye sahani moja ya mizani, nikamwomba yeye aweke jiwe. Jiwe la robo kilo likanyanyua lile beseni la majani.

Nikamwambia: Mama, viwandani, kupata gramu 1 ya vinblastini, wanahitaji karibu nusu tani ya majani makavu kama haya. Gramu 1 ni chumvi ya kuchota kwa vidole vitatu. Na hiyo vinkristini anayopewa Bwana Mdogo ni adimu zaidi ndani ya jani kuliko ndugu yake. Yeye kila mara anachomwa kama miligramu 1 tu, yaani ile chumvi ya vidole vitatu igawanywe mafungu 1,000, naye apewe fungu moja. Tuseme vinkristini ingekuwa nyingi kama ndugu yake: dozi moja ya mtoto ingetaka nusu kilo ya majani, beseni mbili kama hili. Kwa kweli inataka zaidi ya hapo, tena zaidi sana.

"Beseni nitazipata," akasema. "Majirani wote wana maua."

Alikuwa sawa. Kama shida ingekuwa wingi tu, West Nile nzima ingemchumia. Ikanibidi nieleze kile ambacho mimi mwenyewe nilikielewa polepole kwenye ukumbi wa kungojea. Ndani ya jani hilo moja kuna kemikali za aina hiyo zaidi ya 100, kila moja na kazi yake, na maji ya moto hayachagui. Yanachukua zinazokubali kuyeyuka, za kushusha presha, za kuchafua tumbo, zote. Na ile adimu tunayoitafuta haipiti vizuri kwenye utumbo. Ukiinywa, mwili hauipokei kwa kiasi unachoweza kukijua. Ndiyo maana ni ya mshipa tu. Tena majani ya mvua si majani ya kiangazi, mche mchanga si mche mzee. Kikombe cha leo na cha kesho havilingani hata ukichemsha kwa sufuria ile ile.

"Na dawa ikizidi?"

"Ikizidi inaua, Mama. Tena pole pole, kupitia neva."

"Na ikipungua?"

"Ikipungua uvimbe unaizoea."

Alishika jiwe la robo kilo mkononi akiligeuzageuza. Kisha akasema, "Kumbe jani halina jiwe lake." Nimefundisha fasihi miaka 17 na sijapata sentensi inayolieleza jambo hili vizuri kuliko hiyo. Kitu kilichokuwa ndani ya jani ni kweli kabisa. Waliochemsha chai kwanza, Jamaika na kwingineko, hawakuwa wajinga. Bila wao hakuna bahasha. Kazi iliyobaki ilikuwa kulipatia jani mawe yake: kutenga kimoja kati ya hivyo mia na zaidi, kukipima mpaka sehemu ya elfu ya gramu, kujua kinapitia wapi na kinatoka wapi.

Mama alijitanda mtandio tukaenda kwa Hajati jioni ile ile. Maneno aliyomwambia ni ya watu wazima wawili, siyaandiki. Wiki iliyofuata Hajati alipanda basi.

Na hapo ndipo nilipojifunza habari ya mmea wa pili. Dripu anayotundikiwa Hajati kwa saa kadhaa inaitwa paklitakseli, nayo ilitoka kwenye gome. Mwaka 1962, katika jimbo la Washington huko Marekani, wakusanyaji wa mimea waliokuwa wakitafuta dawa za saratani kwa ajili ya serikali walichuna gome la mti wa msituni uitwao Taxus brevifolia, mti ambao wakata mbao hawakuuthamini. Wakemia Monroe Wall na Mansukh Wani walihangaika nalo mpaka mwaka 1971 walipochapisha umbo la kemikali yake. Mwaka 1979 Susan Horwitz alionyesha inavyofanya kazi, na mwisho wa mwaka 1992 ikaruhusiwa kutibu saratani ya ovari, kisha ya titi. Leo pia inatibu sarkoma ya Kaposi, saratani ambayo Uganda inaijua vizuri mno tangu UKIMWI uingie. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi kadhaa, Uganda na Kenya zikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba wagonjwa wa UKIMWI wenye Kaposi kali waliopewa paklitakseli pamoja na dawa za virusi walifanya vizuri kuliko waliopewa bleomaisini na vinkristini. Gome lilishinda ua, kwa ugonjwa huo. Kwa Burkitt, ua bado lipo kazini.

Sijui kama mmewahi kumtazama mtu akisokota kamba ya katani pajani. Seli inapotaka kugawanyika hufanya kitu cha jinsi hiyo: husokota kamba nyembamba sana, inafunga nusu ya urithi wake upande huu na nusu upande ule, inavuta, kisha kamba zinafumuliwa na seli zinakuwa mbili. Dawa ya vinka hushika nyuzi zile zisisokoteke. Kamba haipatikani, seli inakwama katikati na kufa. Dawa ya gome inafanya kinyume: inaiacha kamba isokotwe, kisha inaikaza isifumuke tena, na seli inakufa ikiwa imefungwa. Mmea mmoja wa Madagaska, mwingine wa Amerika, haijuani, na yote imelenga kamba ile ile. Nikifikiria hili naishiwa maneno, namshukuru Mungu tu.

Lakini gome lina ubaya wake. Ukichuna gome la mti pande zote, mti unakufa, na mgonjwa mmoja alihitaji miti kadhaa ya miaka mingi. Kilichoiokoa ile misitu ni Wafaransa waliogundua kwamba majani ya ndugu yake wa Ulaya, yanayochipua tena kila mwaka, yana kemikali inayoweza kumaliziwa maabara ikawa paklitakseli. Hili si la mbali. Prunus africana, mti wa misitu yetu ya Afrika Mashariki, umechunwa gome kwa magunia kwa ajili ya wazee wenye tezi dume iliyovimba, mpaka mwaka 1995 ukaingizwa kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Na niseme wazi, maana nauona ukiuzwa kando ya barabara kwa maelezo mengine: gome hilo limetumika kwa uvimbe wa tezi dume wa uzeeni. Si tiba ya saratani ya tezi dume. Mzee akikojoa kwa shida apimwe kwanza ajulikane ana lipi.

Hata mstafeli, wengi mmeniandikia habari zake. Ni kweli kwamba kemikali za majani ya mstafeli zimeua seli za saratani kwenye visahani vya maabara. Vitu vingi huua seli kwenye kisahani, hata maji yenye chumvi nyingi. Swali ni kama kinaua uvimbe na kumwacha mtu, na kwa mstafeli hakuna mgonjwa aliyethibitishwa kupona hivyo. Kuna la kuogopa pia: kule Guadeloupe, kwenye visiwa vya Karibi, watafiti wameihusisha kemikali iitwayo annonasini, iliyo ndani ya mmea huo, na ugonjwa wa neva unaofanana na Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, kwa watu wanaoutumia sana mmea huo. Tunda moja moja mle, ni tamu. Jagi la majani yaliyochemshwa kila siku kwa mwaka mzima, mimi sitampa mtu wangu.

Msinielewe vibaya, mimi siwachukii watu wa mitishamba. Coartem tunayowapa watoto wetu kwa malaria ina dawa iliyotoka kwenye mmea wa Kichina. Kusini mwa pwani ya Kenya, kwenye milima ya Shimba, katika miaka ya 1970 watafiti wa Kimarekani walikusanya tani zaidi ya 20 za mti mmoja wa jamii ya Maytenus kwa sababu ya kemikali iitwayo maitansini. Ilipojaribiwa peke yake ilikuwa sumu kupita kiasi, ikawekwa kando. Miaka mingi baadaye mtoto wake wa maabara alifungwa kwenye kingamwili, yaani protini ya kinga, inayoijua seli ya saratani ya titi, na tangu 2013 ni dawa. Sisi tunayo taasisi ya serikali pale Wandegeya inayochunguza dawa za asili, na tangu 2019 tunayo sheria ya waganga wa tiba asilia. Natamani mzee wetu wa mitishamba siku moja apande basi na majani yake kwenye bahasha, aandikiwe jina lake kwenye daftari la utafiti, na kikipatikana kitu apate haki yake. Madagaska jina lake linatajwa tu kwenye habari ya vinka. Hilo linaniuma.

Bwana Mdogo. Baada ya dozi ya kwanza uvimbe ulianza kushuka kabla ya wiki kwisha. Nilitumiwa picha na sikuamini ni yeye. Dozi zilizofuata zilileta mambo yake. Nywele zilianguka. Taya zilimuuma tena, safari hii kwa dawa. Alikaa siku 4 bila choo, akalia. Kisha vidole vikaanza kumwasha kama anayetembewa na siafu, na akaanza kuburuta nyayo, kwa sababu kamba zile zile ambazo dawa inazizuia ndani ya seli za uvimbe ndizo reli za neva ndefu zinazokwenda miguuni. Daktari akamwambia atembee kwa visigino. Hakuweza, vidole vilianguka sakafuni kila hatua. Wakapunguza kipimo, na wakamaliza tiba.

Sasa ni miezi kadhaa yuko nyumbani. Burkitt ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo tunahesabu, na tarehe ya kumrudisha kuangaliwa imeandikwa kwa chaki ukutani jikoni. Maua yameota tena, mstari mzima. Kila jioni, jua likipungua, Mama anaweka kigoda mlangoni na mtoto anafanya zoezi alilopewa: visigino chini, vidole juu, mikono imenyooshwa kama mtu anayevuka gogo, kando ya maua kutoka jikoni. Mama anahesabu kwa sauti. Mwezi uliopita alikuwa anaishia kwenye mti wa mwembe. Juzi alifika langoni, akaligonga bati kwa kiganja, akageuka.